Suali la Dada Yetu: Kukatwa Kiungo Kizima kwa Kuchelea Maradhi ya Ukoo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), twasema: Imetufikia katika darsa yetu barua ya dada yetu mmoja, mkaazi wa mji huu, naye ametuomba tumjibu katika karatasi hii bila ya kumtaja. Tumeizingatia barua yake kwa majuma matatu, tukarudi vitabuni, tukawauliza na matabibu, kwani suali lake si katika masuali ya kujibiwa na mtu aliyesimama mlangoni pa msikiti akivaa viatu vyake.

Khabari yake ni hii. Mama yake alikufa kwa saratani ya matiti naye hajatimiza miaka 45. Mama yake mdogo akafuata kwa saratani ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi. Kisha binti wa mama mdogo huyo, akaaye Uingereza, akashikwa na saratani ya matiti angali kijana, na madaktari wa huko wakampima damu wakamwambia kuwa maradhi haya yana asili katika urithi wa ukoo wake, na kwamba yampasa awaarifu jamaa zake. Dada yetu naye akapimwa, akaonekana kuwa anao urithi ule ule. Ana miaka 38, ana mume na watoto watatu, wala hivi leo haumwi na chochote. Apika, afua, afunga Ramadhani yake kamili. Na daktari amemwambia kuwa aweza kukatwa matiti yote mawili, na kutolewa ovari pamoja na mirija ya uzazi, kabla saratani haijatokea. Sasa auliza: Nikifanya hivyo, je, nitakuwa nimemuasi Mola wangu? Na nisipofanya, kisha nikafa nikawaacha wanangu kama mama alivyotuacha sisi, je, nitakuwa nimejiua?

Kabla ya kutuandikia sisi alikuwa amekwisha kuwauliza watu wa nyumbani. Ami yake alimjibu kuwa lililoandikwa litakuwa, na mwenye kuikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu imani yake ina upungufu. Jirani yake, mtu aliyesoma kidogo, alimkhofisha kwa aya ya Suratun Nisaa inayotaja kugeuza umbile la Mwenyezi Mungu. Na bibi mmoja mtu mzima akamwambia kuwa nyumba yao imeingiwa na kijicho, akamtajia mganga, na mbuzi wa rangi maalumu wa kuchinjwa.

Hili la tatu hatutalikalia. Kuchinja kwa ajili ya jini ni shirki, na mbuzi yule hana kosa lolote. Lakini twapenda wasomaji wetu wajue kuwa kila mwezi utumiwao kwa mganga ni mwezi ambao uvimbe wakua, na ya kuwa wengi katika wanawake wetu hufika hospitali siku ambayo kidonda kimekwisha kupasuka, na daktari hana tena ila dawa ya kutuliza maumivu. Ama majawabu mawili ya kwanza, hayo yafaa kutazamwa vyema, kwa sababu wenye kuyasema wana nia njema, na kwa sababu yamevaa nguo ya dini.

Lakini kwanza yatupasa tulifahamu lenyewe jambo linaloulizwa, maana maulamaa wetu walitufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulijua.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizohesabika, na ndani ya kila chembe mna jeni, ambazo ni mfano wa maandiko ya urithi, nusu yake mtu huyapata kwa baba na nusu kwa mama. Miongoni mwa jeni hizo mna mbili ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha mahali ilipo ile ya kwanza. Ikapatikana yenyewe mwaka 1994, na ya pili ikapatikana mwaka 1995. Jeni hizi si za wanawake peke yao. Kila mwanadamu anazo, na kazi yake ni kama kazi ya fundi wa nyumba: kila panapoharibika ndani ya chembe hutengeneza. Kila mtu ameumbwa na mafundi wawili wa namna hiyo, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Mwenye urithi mbovu huzaliwa akiwa na fundi mmoja tu afanyaye kazi. Na itokeapo katika chembe moja ya mwili wake fundi huyo aliyebaki naye akaharibika, basi uharibifu hurundikana usitengenezwe, hata chembe ile ikaasi ikawa saratani.

Sasa tuzitazame hesabu. Uko utafiti mkubwa katika jambo hili. Ulitolewa mwaka 2017, nao uliwafuatia wanawake karibu 10,000 wenye urithi huu. Ulionyesha kuwa katika wanawake 100 wenye BRCA1 iliyo mbovu, takriban 72 hupatwa na saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na takriban 44 hupatwa na saratani ya ovari. Kwa BRCA2 ni takriban 69 na 17. Na mwanamke wa kawaida wa Marekani, asiye na urithi huu, khatari yake ya saratani ya matiti maishani ni kiasi cha 12 au 13 katika 100, na ya ovari ni kiasi cha mmoja. Hesabu hizi zimekusanywa zaidi katika wanawake wa Ulaya, Marekani na Australia. Kwa hivyo na zichukuliwe kuwa ni kadirio, si mizani ya sonara. Lakini baina ya 12 na 72 pana masafa makubwa, hata kwa mwenye kupima kwa kibaba.

Kukatwa matiti kabla ya maradhi hupunguza khatari yake kwa zaidi ya sehemu 90 katika 100. Kutolewa ovari na mirija hupunguza khatari ya saratani ya ovari kwa kiasi cha sehemu 80 katika 100. Hakuna katika hayo mawili lenye kuiondoa khatari ikawa si kitu kabisa, na mwenye kumwambia mgonjwa hivyo amemdanganya.

Pia iko njia ya tatu, nayo ni kungojea huku mtu akitazamwa: kupigwa picha za matiti kwa mashine ya MRI kila mwaka tangu umri wa miaka 25, na picha za eksirei tangu miaka 30. Njia hii haizuii saratani, bali huikamata ingali ndogo, na kuikamata ingali ndogo ni jambo kubwa. Lakini kwa ovari njia hii haifai kutegemewa, kwani hakuna mpaka leo kipimo cha kuaminiwa cha kuiona saratani yake mapema. Aghlabu hujulikana imekwisha kutapakaa tumboni. Ndiyo sababu madaktari humshauri mwenye BRCA1 atolewe ovari baina ya miaka 35 na 40, akiwa amemaliza kuzaa, na mwenye BRCA2 baina ya 40 na 45.

Na upande wa pili wa jambo hili ni kuwa si kila aliyefiwa na mama yake kwa saratani amerithi kitu. Katika saratani zote za matiti, ni baina ya 5 na 10 tu katika 100 zitokanazo na urithi wa namna hii. Na hata mama akiwa anao urithi mbovu, kila mtoto wake ana nusu ya kuupata na nusu ya kuepukana nao. Mwanamke wa ukoo kama huu akipimwa akaonekana hana ile kasoro ijulikanayo ya jamaa zake, basi amerudi katika hali ya wanawake wengine. Kwa hivyo mwenye kwenda kukatwa kwa khofu tu, bila ya kupimwa na bila ya kushauriana na wajuzi, huyo hatumuungi mkono; huyo amekata nyama ya Mwenyezi Mungu kwa wasiwasi.

Watu wengi walilisikia jambo hili mwaka 2013, pale Angelina Jolie, mchezaji sinema wa Marekani aliyefiwa na mama yake, alipotangaza kuwa amekatwa matiti kwa sababu ya BRCA1; na mwaka 2015 akatangaza kuwa ametolewa ovari. Likadhaniwa mjini kuwa ni anasa ya matajiri wa kizungu. Sisi hatuichukui dini yetu kwa wachezaji sinema, lakini jeni haziulizi mtu ni tajiri au maskini, wala haziulizi mtu anakaa Hollywood au anakaa Mji wa Kale.

Tuje katika qadari. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alitoka Madina akielekea Shamu, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapokewa na maamiri wa majeshi, naye Abu Ubayda bin Al-Jarrah akiwa miongoni mwao, wakampa khabari kuwa tauni imeingia nchini. Umar akawashauri Muhajirina, wakakhitalifiana. Akawashauri Ansari, wakakhitalifiana vile vile. Kisha akawaita wazee wa Kikureishi, nao wakakubaliana kwa pamoja kuwa arudi na watu. Alipotangaza kurudi, Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akasikitika kuwa neno lile limetoka kinywani mwa mtu kama Abu Ubayda, akamjibu kuwa ndiyo, waikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadari ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia ashukaye katika bonde lenye kando mbili, moja ina majani na moja ni kavu: akilisha upande wowote katika hizo mbili, amelisha kwa qadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa hayupo, akawapasha habari kuwa yeye alimsikia Mtume (S.A.W.) akikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mwenyezi Mungu, akarudi.

Twamuomba ami yake dada yetu akizingatie kisa hiki kwa upole. Umar siku ile hakuwa mgonjwa. Mwili wake ulikuwa mzima na wa wenzake ulikuwa mzima. Tauni ilikuwa mbele, katika khabari tu, na wala hapakuwa na yakini kuwa kila atakayeingia Shamu itamshika. Alichokuwa nacho ni khabari ya watu waaminifu na dhana yenye nguvu, na kwa hayo mawili akageuza msafara mzima. Na ikiwa Umar hakuwa dhaifu wa imani, basi vipi awe dhaifu wa imani mwanamke aliyeambiwa na wajuzi kuwa tauni iko mbele yake, naye amemzika mama yake kwa tauni hiyo hiyo?

Ama aya ya Suratun Nisaa, hiyo ni ya 119, na maana yake ni kiapo cha Shetani kuwa atawaamrisha watu wageuze umbile la Mwenyezi Mungu. Aya ni ya haki. Lakini kama kila kukata ni kugeuza umbile, basi watoto wetu wa kiume tungewatahiri kwa hoja gani? Mtume (S.A.W.) amewalaani wanawake wachongao meno yao kwa ajili ya uzuri, na Imam Nawawi, katika kuisherehi Hadithi hiyo, amebainisha kuwa kilichoharimishwa ni kule kutaka uzuri, ama mwenye kuhitajia jambo hilo kwa matibabu au kwa kuondoa aibu ya jino, hapana ubaya. Naye swahaba Arfaja bin As'ad pua yake ilikatika katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akajifanyia pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu afanye ya dhahabu. Hapa pana jawabu pia kwa dada zetu waulizao kama yajuzu kufanyiwa kifua baada ya kukatwa, ili nguo ikae sawa na moyo utulie. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ililitaja jambo hilo kwa jina lake, kutengenezwa tena titi lililoondolewa, ikalihisabu katika yanayojuzu.

Wala kukatwa kiungo kwa kukilinda kiwiliwili si jambo geni kwa wema waliotangulia. Urwa bin Zubeir, mtoto wa dada yake Bibi Aisha na mmoja katika mafakihi saba wa Madina, mguu wake uliingiwa na kidonda kinachokula nyama alipokuwa safarini kwa Walid bin Abdulmalik. Akakubali ukatwe ili ubaya usipande juu. Na katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darsa zetu za pwani hii miaka na miaka, Imam Nawawi ameeleza kuwa mtu mwenye mamlaka juu ya nafsi yake aweza kukata uvimbe wa mwili wake, isipokuwa ikiwa kukata kuna khatari na kuacha hakuna, au khatari ya kukata ni kubwa zaidi. Wanafunzi wengi huipita mas-ala hii mbio mbio. Nasi twakiri kuwa tuliipita hivyo hivyo, mpaka ilipokuja barua hii.

Hapa mwenye kujadili atasema, na haki yake asikizwe: Mguu wa Urwa ulikuwa umeoza, na uvimbe wa Minhaji ulikuwa uko, waonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, ama matiti ya dada huyu ni mazima. Mnakataje kilicho kizima?

Hili ndilo fundo la mas-ala, wala hatukulifungua mara moja. Katika darsa yetu wako waliolikataa kabisa usiku wa kwanza. Kilichotupeleka mbele ni jahazi la Suratul Kahf. Jahazi lile lilikuwa zima. Halikuwa na ubao uliooza wala msumari uliolegea, na lau lingekuwa bovu mfalme asingelitaka, kwa kuwa alikuwa akinyang'anya kila jahazi lililo zima. Al-Khidhri alilitoboa kwa kusudi, na Nabii Musa (A.S.) akashtuka kama tushtukavyo sisi, kisha ikabainika kuwa wenye jahazi ni maskini watafutao riziki baharini, na kuwa kutobolewa ndiko kulikowabakishia. Wanavyuoni wamelichukua tukio hili kuwa ni hoja ya kutia hasara ndogo ili kuepusha kubwa. Tofauti iliyopo ni kuwa Khidhri alijua kwa elimu aliyopewa na Mola wake kuwa mfalme yuko mbele, na sisi hatuna elimu hiyo. Tulicho nacho ni dhana. Lakini dhana yenye nguvu ndiyo tuelekeayo kwayo kibla tuwapo baharini, na ndiyo afunguayo kwayo saumu yake mgonjwa aambiwaye na tabibu muaminifu kuwa kufunga kutamdhuru. Sheria haikungojea yakini katika hayo. Basi 72 katika 100 ni dhana yenye nguvu. 12 katika 100 sio, na kwa hivyo mwanamke asiye na urithi huu hana ruhusa katika maneno yetu haya.

Kisha panabaki mizani ya Minhaji: khatari ya kukata na khatari ya kuacha, ipi nzito zaidi? Katika ovari twaona mizani imeelemea upande wa kuondoa, kwa kuwa maradhi yake hujificha, kuyangojea hakufai, na dada yetu amekwisha kujaaliwa watoto na umri wake ndio ule ule wautajao madaktari. Lakini ajue bei yake: hedhi itakoma mara moja, joto la mwili litamsumbua, mifupa hudhoofika mapema, na moyo wahitaji kuangaliwa, hayo yote yana matibabu, na ayazungumze na daktari kabla, si baada. Na msichana ambaye hajazaa asiharakishwe. Katika matiti, mizani iko karibu zaidi, kwa kuwa iko njia ya kutazamwa. Mwenye kuweza kwenda kila mwaka kupigwa picha, naye moyo wake watulia, hiyo yamtosha. Asiyeweza, ama kwa sababu vipimo hivyo haviko mjini kwake au gharama yake ya kila mwaka hawezi kuibeba, ama kwa sababu halali usingizi, huyo akikatwa hakuasi. Hii ndiyo rai yetu.

Na suali lake la pili, kwamba asipofanya atakuwa amejiua? La. Katika madhehebu yetu ya Shafi kujitibu ni sunna wala si wajibu, na hayo yamesemwa kwa aliyekwisha kuugua. Seuze kwa ambaye bado. Ibn Abbas (R.A.) alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mweusi ambaye alimwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika kwa kifafa, na kwamba hufunuka nguo aangukapo. Mtume alimkhiarisha: akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka amuombee Mwenyezi Mungu amponye. Akachagua kusubiri, akaomba tu aombewe asifunuke; akamuombea. Twamtaka dada yetu aangalie kuwa mwanamke yule alikhiarishwa yeye mwenyewe. Hakuulizwa ami yake, wala jirani. Na kusubiri kwake kulikuwa kwa kuchagua. Ama kuacha matibabu kwa kuogopa maneno ya watu wa mtaani, hiyo si subira.

Mumewe na ashauriwe, tena ashauriwe mapema, kwani uzazi ni haki ya wote wawili na kitanda ni cha wote wawili. Lakini kushauriwa si kumiliki. Majmaa hiyo tuliyoitaja iliamua Jidda mwaka 1992 kuwa idhini ya matibabu ni ya mgonjwa mwenyewe awapo na akili timamu na amebaleghe. Mume wa dada yetu, kwa maelezo yake, hajasema neno mpaka leo. Hutoka usiku akakaa barazani. Nasi twamwambia aingie ndani. Hakuna aombwaye fatwa katika jambo hilo.

Limebaki jambo ambalo dada yetu amelitaja kwa mistari miwili tu mwisho wa barua, nalo limetuumiza kuliko yote. Asema kuwa kaka zake wawili wamekataa kupimwa, wakisema haya ni maradhi ya wanawake, na wamemkataza asiwaambie watu kwa kuwa wana mabinti wa kuposwa.

Ndugu zetu, urithi huu hupita kwa mwanamume kama upitavyo kwa mwanamke. Mtu aweza kuwa nao, asiumwe umri wake wote, na akampa binti yake. Hata mwanamume mwenyewe hasalimiki: mwenye BRCA2 mbovu ana khatari ya kiasi cha 7 katika 100 ya kupatwa na saratani ya matiti, na khatari yake ya saratani ya tezi dume huzidi ile ya wanaume wengine. Wala si kweli kuwa jambo hili limeletwa na kuoana binamu, kama tulivyosikia likisemwa. Kasoro hii yatosha kutoka kwa mzazi mmoja. Watoto wadogo hawapimwi, wangojewe wabaleghe wajichagulie wenyewe, lakini kaka hawa si watoto wadogo.

Na sisi tunaoandika haya tuna sehemu yetu ya lawama. Ni mara ngapi tumesimama mazikoni, tukaulizwa marehemu ameumwa nini, tukajibu kuwa ni tumbo? Tuliita hiyo sitara. Lau nyumba hii ingesema wazi siku alipokufa mama, pengine mama mdogo angalikwenda kupimwa mapema. Sitara ni ya dhambi za mtu na aibu zake, na maradhi si dhambi. Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kumshauri Mtume (S.A.W.), naye hakumficha: akamwambia kuwa Muawiya ni fukara hana mali, na Abu Jahm hateremshi fimbo yake begani. Ikiwa mposaji husemwa hivyo kwa ajili ya nasaha, basi binti aliyebaleghe kuambiwa khabari ya damu yake mwenyewe ni haki yake juu ya baba yake, na kumficha ni khiana. Mchumba atakayekimbia kwa khabari hiyo, na akimbie.

Dada yetu aliuliza pia suali dogo, akaliomba radhi kuwa ni la kipumbavu, nalo si la kipumbavu asilani: Nyama itakayoondolewa huenda wapi? Jawabu ni kuwa iliyosuniwa kwa kiungo kilichotengwa na mtu aliye hai ni kuzikwa. Hakioshwi wala hakisaliwi, bali hufungwa katika kitambaa kikafukiwa. Na awaambie madaktari mapema kuwa ataka kurudishiwa, lakini awaache kwanza waipime, kwani mara nyingine ndani ya kile kilichodhaniwa kuwa kizima huonekana saratani iliyokwisha kuanza. Kisha kaka zake wawili waichukue wao, wakaizike makaburini karibu na mama yao.

Wallahu aalam.